Upepo Ukizidi, Tiara Ipunguzwe

Anayetembea ufuoni Diani au Watamu wakati upepo wa kusi umepamba moto huwaona vijana wakiteleza juu ya maji, miguu juu ya ubao, viuno vikiwa katika mshipi ulioungwa kwa kamba na tiara kubwa iliyo angani. (Wengine huiita kishada, ugomvi huo tuuache kwa leo.) Mchezo huu unavutia mno, na mwaka 2024 uliingia katika Michezo ya Olimpiki. Linalonitia hofu ni ile ari ya baadhi ya vijana ya kurusha tiara kubwa siku ya upepo mkali, eti waruke juu kuliko wenzao.

Walimu wa fizikia watanisaidia hapa. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma kwa nguvu mara nne ya ule wa kilomita 20. Kwa hivyo, tiara ya mita 12 za mraba iliyomvuta kijana kwa upole asubuhi, alasiri yaweza kumnyanyua kama unyoya kabla hajawahi kujinasua. Akiwa mbali baharini, huenda akaangukia maji. Akiwa ufuoni, hukutana na mnazi au ukuta wa hoteli. Nao upepo wa kusi, kwa kuwa hutoka baharini, humsukuma huko huko. Umahiri pekee si kinga: Silke Gorldt, mshindani mashuhuri wa Ujerumani, alifariki mwaka 2002 baada ya kuburutwa na tiara yake.

Maarifa haya si mageni katika pwani yetu. Majahazi yalibeba matanga ya ukubwa mbalimbali, na upepo ulipozidi, nahodha aliamuru tanga kubwa lishushwe, dogo litwekwe. Upepo wa kusi ulipofikia kilele, Juni na Julai, vyombo vya safari ndefu vilikaa bandarini. Hakuna aliyewaita mabaharia hao waoga.

Wanaokodisha vifaa hawana budi kuupima upepo kwa kipimo, si kwa macho, na kumnyima mteja tiara kubwa hata akiwa na pesa mkononi. Nanyi wanafunzi mtakaoshuka pwani likizo ya Agosti, wakati kusi ingali na nguvu, mwulizeni mkufunzi kabla ya kulipa: leo ni tiara ya mita ngapi, na kwa nini? Asiyeweza kujibu, mrudishieni mshipi wake.