Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wenyeji huikumbuka sana methali hii, lakini husahau wajibu uliomo ndani yake: ampaye mgeni jembe hana budi kumwonyesha na ghala la kuwekea mavuno. Katika zama hizi ghala hilo ni benki. Kwa hiyo nasema wazi kwamba nchi impayo mgeni ruhusa ya kufanya kazi, kisha ikamwacha afukuzwe mlangoni mwa benki, yamdhulumu.

Tazameni hali ya kijana wa Kericho au Bomet aliyekwenda ng'ambo kuuguza wagonjwa. Mwajiri humwambia kwamba mshahara hulipwa kwa njia ya benki tu. Aendapo benki, karani humtaka hati ya kuthibitisha anakokaa. Aendapo kwa mwenye nyumba, huyo naye humtaka kwanza hati ya benki. Basi huzunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Majani ya chai ya kwao hayapati taabu hiyo. Huuzwa mnadani Mombasa kwa dola za Marekani, na dola hizo hazikosi benki ya kuzipokea. Wala kampuni za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, hazikuachwa mlangoni zilipokuja miaka ya 1920 kupanda chai katika ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Mgeni mwenye mtaji hupewa kiti; mgeni mwenye mikono mitupu hupewa maswali.

Wako wasemao kwamba benki lazima zijihadhari na fedha za wahalifu. Ni kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2009 huzilazimisha zimjue mteja. Lakini kumjua mtu si kumfukuza. Fedha ipitayo benki huacha nyayo; ifichwayo chini ya godoro haiachi. Umoja wa Ulaya ulilitambua jambo hilo. Kwa agizo lake la mwaka 2014, kila akaaye huko kwa halali, hata mwomba hifadhi au mtu asiye na anwani maalumu, ana haki ya akaunti ya msingi, na benki yapaswa kumjibu katika siku 10 za kazi.

Nasi tusiwanyoshee kidole wa ng'ambo peke yao. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 2021 humpa mkimbizi kitambulisho na haki ya kufanya kazi. Hata hivyo, mara nyingi kitambulisho hicho hugeuzwageuzwa mezani pa karani kama sarafu ya bandia. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Tufurahiapo fedha hizo, twawezaje kumnyima Mkongo au Msudani ghala lile lile tulidailo kwa ajili ya watoto wetu?

Enyi vijana, baadhi yenu mtaketi siku moja katika kiti cha karani wa benki, na wengine mtasimama mbele ya kiti kama hicho ugenini. Kanuni na iwe moja kwa wote: hati ya serikali itoshayo kumpa mtu jembe, na itoshe pia kumfungulia akaunti.