Shamba la mhami nalo lihesabiwe

Siku hizi kila mnunuzi anayepanda Mahagi kutafuta kahawa anakuja na neno moja mdomoni: kahawa safi. Mnunuzi wa dhahabu, ukimkuta Bunia, naye anakuambia dhahabu yake ni safi. Kakao ya Mambasa na Irumu, safi vilevile. Tumesikia. Sisi wa huku tunauliza jambo dogo tu: ni safi kwa nani? Kwa mtu anayekunywa kikombe chake kule Ubelgiji, au kwa mwenye shamba anayelala chini ya shitingi huku kahawa yake inachumwa na mtu asiyemjua?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma mkiwa makambini, nisieleweke vibaya. Sipingi biashara yenye maadili. Ninapinga biashara inayovaa jina hilo halafu inapita mbele ya kambi ya wahami bila kugeuza shingo.

Tuanze nyumbani, na kilicho chema kwanza. Mahagi tuna ushirika wa kahawa unaoitwa Kawa Maber. Msiojua Kialur, maber maana yake ni nzuri, na jina halikukosewa. Mkulima mmoja mwenye miti yake mia mbili hana nguvu mbele ya mnunuzi mwenye gari. Wakulima wakikusanyika, wakaosha kahawa pamoja, wakaianika juu ya meza badala ya kuimwaga chini kwenye vumbi, wakaichambua punje kwa punje, wanakuwa na kitu cha kuuza na mdomo wa kutaja bei. Yule mwingine anayeuza peke yake mnajua mwisho wake. Mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, mama yuko hospitalini, mnunuzi anatoa pesa kahawa ikiwa bado ua mtini. Siku ya kuvuna anakuja na mizani yake mwenyewe. Usiku mzigo unavuka kuelekea Goli au Padea, na kukicha ni kahawa ya Uganda. Jina la Mahagi limebaki upande huu wa mpaka pamoja na deni.

Kwa hiyo ushirika ni dawa, na dawa hiyo naitetea. Lakini ushirika una daftari, na ugomvi wangu uko kwenye daftari.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kuhusu mazao yanayotoka kwenye misitu iliyokatwa. Kahawa imo, kakao imo, pamoja na mbao, mawese, soya, mpira na ng'ombe. Anayepeleka mzigo Ulaya lazima aonyeshe shamba liko wapi hasa, kwa vipimo vya satelaiti, na kwamba msitu wa pale haukukatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawangoji: watu wenye simu wanazunguka kwenye mashamba, wanasimama pembeni mwa kila shamba, wanabonyeza, shamba linaingia kwenye kompyuta. Kisha wanauliza jina la mwenye shamba.

Ni nani anayejibu swali hilo? Anajibu aliyepo. Na aliyepo si lazima awe mwenyewe.

Fikirini mashamba ya Djugu, na yale ya kusini mwa Mahagi yetu. Mwezi Juni 2019 peke yake, UNHCR ilisema watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamekimbia machafuko ya Ituri. Wengine walirudi, wakakimbia tena, wakarudi tena. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura, liwali ni mwanajeshi, na bado mwezi Februari 2022 watu zaidi ya 50 waliuawa ndani ya kambi yenyewe, pale Plaine Savo. Mwezi Juni 2023 ikawa zamu ya Lala, zaidi ya watu 40. Mtu aliyetoka kijijini kwake namna hiyo hakubeba mti wa kahawa mgongoni. Miti imebaki, inazaa. Kuna anayeichuma. Pengine ni jirani mwema anayetunza, pengine ni mwenye bunduki, au ndugu wa mwenye bunduki. Siku mtu wa simu atakapofika, huyo ndiye atakayetaja jina lake, na mashine itaandika. Msitu haukukatwa, vipimo ni sawa, karatasi ni nzuri. Kahawa itaitwa safi. Na mhami atakuwa amenyang'anywa mara mbili: kwanza kwa panga, kisha kwa satelaiti.

Mtaniambia mnunuzi wa Ulaya hana kazi ya kuamua kesi za mashamba ya Ituri. Si kweli, na hapa naomba wenye mashirika ya biashara wasome sheria yao vizuri. Sheria hiyohiyo inataka zao liwe limelimwa kwa kufuata sheria za nchi linakotoka, na inataja wazi haki za matumizi ya ardhi na haki za binadamu. Msitu ni nusu ya sheria tu. Nusu ya pili ni mtu. Mbona semina zote ni za msitu?

Na Afrika yenyewe ilikwisha kusema. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, wa kuwalinda wahami wa ndani, unataka mali walizoziacha nyuma zilindwe, na unataka wale wanaochimba na kuvuna mali ya asili hadi watu wakahama wawajibishwe. Uliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Sasa dhahabu, maana Ituri huwezi kuongea biashara ukairuka. Kilo-Moto wanachimba tangu wakati wa Wabelgiji, miaka zaidi ya mia moja, na barabara ya Mongbwalu mnaijua. Mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Mongbwalu. Kampuni ya AngloGold Ashanti yenyewe ilikiri kwamba watu wake walilipa dola 8,000 kwa kundi la FNI lenye silaha, ikasema ilishurutishwa. Kampuni hiyo ilikuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa, za karatasi nzuri. Mwaka huohuo Metalor, kiwanda cha Uswisi kinachosafisha dhahabu, kiliacha kununua dhahabu kutoka Uganda baada ya kuulizwa dhahabu hiyo inatoka wapi, wakati Uganda yenyewe ilichimba kidogo sana. Kiliacha kwa sababu mtu aliuliza hadharani. Miaka yote ya nyuma kilinunua bila shida.

Halafu kuna mfano ambao watu wa maadili hawapendi kuusimulia mpaka mwisho. Kule Mambasa shirika la Canada liitwalo IMPACT lilianzisha mradi wa Just Gold. Mchimbaji wa mkono alifundishwa mbinu bora, akapewa vifaa, na yeye akauza dhahabu kwa njia halali inayoandikwa kutoka shimoni hadi uwanja wa ndege. Mwaka 2017 dhahabu hiyo ilifika Canada, ikatengenezwa vito. Pamoja na hayo, vikundi vya akiba na mikopo viliwafaa akina mama wa machimboni kuliko hotuba yoyote. Lakini biashara yenyewe haikuweza kushindana na magendo. Anayelipa kodi zote hawezi kutoa bei sawa na asiyelipa hata moja, na mchimbaji anayekula kwa mkopo wa mfanyabiashara hauzi anakotaka, anauza anakodaiwa. Ni deni lilelile la kahawa, limebadili nguo tu. Mtu asije kutuambia Waituri hawapendi biashara safi. Walipewa biashara safi isiyo na mtaji, mbele ya biashara chafu yenye mtaji.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa yeyote anayekuja na neno maadili ni hiki: unaleta pesa ya kumtoa mkulima au mchimbaji kwenye deni kabla ya mavuno? Kama huna, wewe unanunua picha ya mkulima tu, ile ya kubandika kwenye pakiti.

Wanaotetea kampuni kubwa watanielekeza Kibali, kule Haut-Uélé kwa jirani zetu. Haya, tuende Kibali. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. Barrick ina asilimia 45, AngloGold Ashanti 45, na SOKIMO ya serikali 10. Umejenga mabwawa ya umeme badala ya kuchoma mafuta tu, jambo ambalo nalisifu bila kinyongo. Familia zaidi ya 4,000 zilihamishwa kupisha mgodi, nyingi zikajengewa nyumba Kokiza. Nyumba zile zina malalamiko yake, hilo ni la kujadiliwa siku nyingine. Ila tazameni tofauti. Aliyehamishwa na kampuni kwa ajili ya dhahabu alihesabiwa, shamba lake likapimwa, miti yake ikaandikwa. Aliyehamishwa na bunduki inayogombania dhahabu ileile hakuhesabiwiwa hata mti mmoja. Kuhesabu kunawezekana, basi. Watu wanajua namna ya kufanya, wakilazimishwa.

Na sheria ya kulazimisha tunayo. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni yenye mgodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na katika ushuru wa madini asilimia 15 ni haki ya maeneo ya chini, yaani usultani, sekta au komini ambako mgodi uko, bila kupitia Kinshasa. Kamati zinazogawa pesa hizo zinakaa na machifu, na vijana, na akina mama wa kijiji. Je, wakaaji waliokimbia wana kiti? Kijiji kikihamia kambini, kijiji ni kipi: zile nyumba zilizochomwa au wale watu? Nasema ni watu. Kamati inayojenga darasa katika kijiji kisicho na watoto, wakati watoto wa kijiji hicho wanasomea chini ya mwembe kambini, imetii sheria kwa karatasi na kuivunja kwa macho makavu.

Kuna hoja moja upande wa pili ambayo naiheshimu. Wanasema: mkikaza masharti, wanunuzi watakimbia, na maskini ndiye atakayelala njaa. Yalitokea. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank yenye kipengele cha madini ya vita, na mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wa kawaida waliumia, wenye silaha walipata njia nyingine. Lakini lile lilikuwa sharti la kufunga mlango. Mimi naomba sharti la kufungua daftari, na mstari mmoja zaidi ndani yake. Gharama yake ni wino.

Wafanyabiashara wetu wenyewe nao wasijifiche nyuma ya wageni. Nasikia wakisema, "Maadili ni mambo ya wazungu, sisi tunatafuta ugali." Mizani iliyochezewa si ya mzungu. Kununua gunia kwa kijana unayejua kabisa hana shamba, kwa nusu ya bei, usiku, si umaskini. Kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kila mtu Mambasa na Irumu alijua wapi kunavunwa bila mwenyewe. Mnunuzi wa mjini hakujua? Alijua kuliko wote.

Basi ninachodai kwa vyama vya ushirika, kwa wanunuzi, na kwa ONAPAC inayosimamia mazao haya kwa niaba ya serikali, ni hivi. Mwanachama aliyekimbia asifutwe kwa sababu hakuleta kilo msimu huu. Shamba lisiandikwe kwa jina la mtu mpya katika eneo la vita mpaka majina yasomwe pia kambini, kwa sauti, mbele ya wahami wanaotoka kijiji hicho. Redio za huku zinaweza kuyasoma, na wakituletea orodha tutayasoma. Palipo na ubishi, paandikwe ubishi. Pasiandikwe mshindi. Na anayetunza shamba la jirani kwa nia njema aandikwe kama mtunzaji, apate malipo ya jasho lake, mwenyewe abaki mwenyewe.

Na ninyi mlioko makambini: kadi ya ushirika, risiti ya zamani ya kuuza kahawa, hata karatasi ya usultani iliyochanika, msiiwashie moto. Ifungeni kwenye plastiki. Asiye na karatasi aandike, au mtoto wake wa shule amwandikie: jina la kilima, majirani wa pande nne, kijito kilicho karibu, miti ilikuwa mingapi, aliyemwachia shamba ni nani. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwa mwakilishi wa kambi, ya tatu iende ofisi ya ushirika, na anayeipokea aandike tarehe na kutia sahihi. Akikataa kutia sahihi, andikeni tarehe aliyokataa.