Mgonjwa Karudi Nyamongo, Tiba Imebaki Mwanza

Mtu akivunjika paja Nyamongo, njia yake inajulikana. Anakimbizwa hospitali ya wilaya pale Nyamwaga; ikishindikana huko, Musoma; ikishindikana tena, Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao. Wa Mugumu, Serengeti, naye ataanzia mahali pengine, lakini mbele ya safari watakutana. Ng'ombe anauzwa, ndugu wanachanga, na siku ya kuruhusiwa kila mtu anamshukuru Mungu. Mara nyingi mgonjwa hutoka na tarehe ya kliniki na agizo la kufanya mazoezi. Mazoezi yapi, mara ngapi kwa siku, chini ya macho ya nani, hayo atajua mwenyewe.

Huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu atembee tena, aoge, ale kwa mkono wake na arudi kazini, ndiyo sehemu ya tiba tunayoizungumzia kidogo kuliko zote. Diwani huulizwa kuhusu zahanati na gari la wagonjwa. Sijawahi kusikia ameulizwa kuhusu mtaalamu wa fiziotherapia. Wala si tatizo la mkoa wa Mara peke yake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambazo huduma hizi zingewasaidia, na Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziziingize katika mifumo yao ya afya. Azimio, hata hivyo, halimnyooshi mtu goti.

Tuanze chooni, maana hapo ndipo mtu hujua kama amepona. Vyoo vingi vya vijijini Tarime na Serengeti ni vya shimo, vya kuchuchumaa. Mwenye paja lililounga lakini goti limekakamaa hawezi kuchuchumaa. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hawezi kuinuka akishachuchumaa. Kwa hiyo anashikiliwa, na hapo linaibuka jambo ambalo daktari wa Mwanza hatalijua: ni nani wa kumshikilia? Vijana wako mgodini au kwenye bodaboda, mke ni mzee kama mumewe, na anayeshinda nyumbani ni mkaza mwana. Kwa mila za Kikurya, baba mkwe na mkaza mwana wana mipaka yao, na kumwogesha au kumpeleka chooni si jambo la kuamuliwa kirahisi. Nadhani wapo wazee wanaopunguza kula na kunywa ili wasiwasumbue watu, kisha tunashangaa kwa nini wamedhoofu. Fundi seremala wa kijijini angetengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo, na mzee akaenda mwenyewe akiwa na gongo lake. Kinachokosekana ni mtu wa kufika, kuangalia na kusema: tengenezeni hiki, kwa kimo hiki.

Wapo wanaosema dawa ni kituo kikubwa cha utengamao Musoma. Hoja yao si ya kubeza. Wataalamu wetu wapo. Chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na aliyekatwa mguu hatapata mguu mwingine kwa mhudumu wa kijiji. Lakini tunakumbuka hospitali ya rufaa ya Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulisuasua kwa takribani miaka 40. Na hata kituo kikisimama kesho, mazoezi ya kiharusi ni ya wiki na miezi. Nani atalipa nauli ya watu wawili kutoka Mugumu kila wiki?

Wengine wanasema familia ifundishwe, yatosha. Nami nilivutiwa na wazo hilo, kwa kuwa ni rahisi na linaheshimu kazi ambayo akina mama wanaifanya tayari. Ila India walilijaribu katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi, matokeo yakachapishwa 2017: baada ya miezi sita, waliosaidiwa na ndugu waliofundishwa hawakuwa na nafuu kuliko wengine. Ndugu hachoki kupenda, lakini huchoka kunyoosha mkono usiotikisika, na akikosea akamvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza, bega huweza kuchomoka.

Kwa hiyo napendekeza njia iliyo katikati, yenye sharti moja gumu: mtaalamu arudi. Kila halmashauri iwe na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye siku kadhaa za wiki hakai hospitalini. Ana pikipiki na orodha ya walioruhusiwa. Chini yake wawepo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa taifa wa wahudumu hao, uliozinduliwa Januari 2024, unalenga kuwa nao 137,294. Wafundishwe mambo machache na wayajue kweli: kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda, kumkalisha, kumsimamisha, kupima urefu wa gongo, na kujua lini wampigie mtaalamu simu. Hapo tofauti na India inaonekana: mazoezi hayaegemei familia peke yake.

Fedha ni kisingizio ambacho Tarime inapata shida kukitumia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mgodi hupanga pamoja na halmashauri matumizi ya fedha za uwajibikaji kwa jamii, na mgodi wa North Mara uko palepale. Fedha za namna hii hupenda majengo, kwa kuwa jengo lina uzinduzi na utepe. Kutembea kwa mzee wa Nyamwaga hakuna utepe. Serengeti haina mgodi wa namna hiyo, ingawa vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona hupata mapato ya wanyamapori, hivyo huko mzigo mkubwa utakuwa wa halmashauri na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ingefaa isomwe kwa jicho hili: je, kitita kinalipia mtaalamu anapomfuata mgonjwa nyumbani, au kinaishia getini mwa hospitali?

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1. Pikipiki moja, mafuta yake na posho ya mtaalamu ni kifungu kinachoweza kuombwa kabla ya hapo, na hakihitaji mkandarasi.