Mdomo Hautoshi Hewani

Kuna kauli inayozunguka vijiweni na kwenye vikao vya familia, tena hutamkwa kwa uhakika wa ajabu: "Huyu mtoto ana mdomo, mwacheni aingie laivu, atatoka kimaisha." Mtoto hununuliwa taa ya duara, huwekewa bando la wiki, na ukoo mzima hukaa kusubiri zawadi za TikTok zidondoke. Mwezi haujaisha, taa iko uvunguni na aliyesifiwa mdomo anaambiwa hana nyota. Nyota wanaionea bure. Kijana alitumwa kazini bila kufundishwa kazi, kwa sababu waliomtuma hawaamini kwamba ile ni kazi.

Naigomea imani hiyo: kwamba kutangaza mubashara mtandaoni ni sura, mdomo na kiki, na mengine yatajipa. Cha kuchekesha ni kwamba inashikiliwa na watu wasiopatana kabisa. Wanaozidharau laivu husema ni mambo ya wasio na shughuli. Wanaozitamani husema ni pesa ya bure. Wote wawili wamekubaliana kwamba hakuna cha kujifunza pale. Serikali zetu ndizo hazikudanganyika. Tanzania ilipotunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na ada zake ukizijumlisha zilipita shilingi milioni 2. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya waandaaji wa maudhui. Mtoza ushuru hajawahi kutoza uvivu.

Hata asili ya jambo lenyewe inaikana imani hii. Mwaka 2007, kule San Francisco, kijana aitwaye Justin Kan alivaa kofia yenye kamera akaanza kurusha maisha yake mtandaoni mchana na usiku. Wapenda njia ya mkato huikumbuka kofia. Mgongoni, hata hivyo, Kan alibeba begi lenye kompyuta na mitambo ya kuunganisha mtandao wa simu, lililoundwa na mwenzake Kyle Vogt, na bila begi hilo asingevuka kizingiti cha nyumba yake akiwa hewani. Tena kilichodumu hakikuwa maisha ya Kan, ambayo kama maisha ya wengi wetu yana saa nyingi za kutotokea chochote. Kilichodumu ni upande wa wacheza gemu kwenye tovuti yake, uliozaa Twitch mwaka 2011, nayo Twitch ikanunuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 970. Wale walikuwa na jambo wanalolijua kwa mikono yao, na waliweza kuzungumza na watazamaji huku mikono ikiendelea kufanya kazi.

Tuje kwetu, na tuwaache mastaa kidogo. Mchukue dada anayeuza magauni ya mtumba laivu usiku, chumbani kwake Mbagala au Kayole, baada ya kutwa nzima ya kuchagua mzigo Karume au Gikomba. Kitu cha kwanza kinachoweza kumuumbua ni hesabu. Wauza bando husifia kasi ya kushusha, ile inayokufaa ukitazama filamu. Laivu hutembea upande wa pili: picha inatoka kwako kwenda kwa watu, na kinachohitajika ni kasi ya kupandisha isiyoyumba. Ukirusha kwa megabiti 3 kwa sekunde, saa moja inakula zaidi ya gigabaiti 1. Asiyejua hilo huingia na kibando chake kidogo, akakatika wakati mteja ameshatuma pesa ya gauni. Mteja hajui habari za bando. Anachojua ni kwamba ametuma pesa na mtu amepotea.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, simu yenye chaji inabaki hai lakini ruta inazima papo hapo, kwa hiyo mjuzi huiunganisha ruta na betri ya akiba au huweka pembeni simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine. Kuna joto: simu inayorusha huku inachajiwa, Dar es Salaam mwezi wa Januari, hupata moto, ikafifisha kioo, mwisho ikaifunga programu yenyewe. Na kuna simu ya mama. Mama akipiga kwenye simu ile ile inayorusha, sauti inaweza kukatika, na watu mia mbili wakabaki wanatazama mdomo unaocheza kimya kimya. Kitufe cha kuzuia usumbufu kipo kwenye kila simu janja, na hukigusi kwa sababu una mdomo. Unakigusa kwa sababu umejifunza.

Rangi ndiyo inayovunja biashara nyingi. Chini ya taa ya duara gauni la bluu iliyokoza na gauni jeusi huonekana mapacha, tena kamera ya simu hujirekebishia mwanga na rangi yenyewe kila unapoinua nguo mpya. Dada mwenye ufundi hulileta gauni karibu, huliweka kando ya kitu chenye rangi inayojulikana, kisha huisema rangi kwa mdomo. Anashika futi ya fundi cherehani na kutaja kifua, kiuno na urefu kwa inchi, maana herufi za saizi kwenye mtumba wa Ulaya hazimwambii kitu mama wa Morogoro. Tundu dogo kwapani analionyesha kabla hajataja bei.

Sasa niambie, hayo ni mambo ya mitambo au ni mambo ya utu? Mimi siwezi kuyatenga, na nadhani hapo ndipo wenye imani ya mdomo wanapopotea. Wanadhani kuna "mambo ya mafundi" upande mmoja na "kipaji cha kuongea na watu" upande mwingine. Ukiwa hewani, feni inayovuma kwenye maiki ni kukosa adabu. Umemwalika mtu, halafu unamlazimisha akaze masikio. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kwa muda mrefu, ila sauti yenye mwangwi huikimbia. Vijana hununua taa kwanza kwa kuwa taa inaonekana. Ningekuwa mshauri wao, ningeanza na maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na feni nikaizima, joto au si joto.

Au chukua kuchelewa kwa picha. Unalosema sasa humfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa, na kwenye baadhi ya majukwaa zinaweza kupita kumi. Mwenye mdomo tu huuliza, "Jamani mnanisikia?" Kimya. "Mbona mmenuna leo?" Kimya tena. Anaanza kuwasema wageni wake kwamba ni wachoyo, ndipo zile "ndiyo, tunakusikia" zinaanza kumiminika, chini ya matusi yake. Anayeujua mtambo huuliza swali, akaendelea kupima gauni, kisha akayarudia majibu yakishafika, na kila aliyejibu akasikia jina lake.

Somo hili tulikuwa nalo tangu zama za redio. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, ambao wote wawili tuliwazika mwaka 2025, walitangaza mpira kwa watu wasioona kitu. Mtu anafungua redio dakika ya sitini. Hajui nani anacheza na nani, wala nani anaongoza. Mtangazaji stadi hurudia timu, matokeo na dakika mara kwa mara bila kumchosha aliyekuwapo tangu mwanzo. Laivu iko hivyo hivyo, watu huingia na kutoka kila dakika, na wengi wa vijana wetu humwacha mgeni mlangoni akijiuliza kinachouzwa ni nini. Sauti za wale wazee zilisifiwa kama kipaji, lakini zilinolewa studioni kwa miaka mingi. Mbotela huyo huyo ndiye aliyekuwa na kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?", na tarehe 1 Agosti 1982 ndiye aliyechukuliwa na wanajeshi waasi akatangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Hewani hakuna kufuta, na yeye alilijua hilo kuliko yeyote kati yetu.

Zawadi nazo tunazishangaa kana kwamba zimekuja na meli. Nani kati yetu hajaona watu wakimtunza mwimbaji kwenye taarabu? Mama ananyanyuka kitini na noti yake, anakwenda kwa madaha hadi jukwaani, anamtunza, anarudi. Mwimbaji anayeijua kazi hakatishi ubeti. Anamtambua mtoaji kwa jicho, kwa tabasamu, kwa kulielekeza neno la wimbo upande wake, na mwenye noti ndogo harudi kitini akijiona mdogo kwa sababu nyuma yake kuna mwenye kubwa. Kwenye TikTok waridi ni sarafu 1 na simba ni sarafu 29,999. Nenda laivu yoyote ya mwenye mdomo: simba akitokea, kelele na magoti chini, waridi likidondoka, hata shukrani hakuna. Muda uliobaki ni kuomba tu. "Gusa skrini, gusa skrini, mbona hamgusi." Wenye mawaridi ndio wanaorudi kesho na keshokutwa, na ndio hasa wanaonunua magauni.

Najua nitakavyojibiwa: mbona wa matusi wanajaza watu? Ni kweli, wanajaza. Kiki huleta watu, sitalikana hilo. Ila waliokuja kuangalia ugomvi wanataka ugomvi, na kesho wanataka ulio mkubwa zaidi, hadi siku akaunti inapofungwa au polisi wanapobisha hodi. Upande mwingine wa imani hii ni mbaya zaidi. Mwaka 2025 uchunguzi wa BBC ulionyesha wasichana wadogo nchini Kenya, wengine wa miaka 15, wakitumika kwenye laivu za ngono za TikTok. Ukimwaminisha binti kwamba mtaji wa laivu ni simu na mwili wake, usishangae anayemfikia kwanza akiwa mnunuzi wa namna hiyo. Laivu ya mtu mzima anayejua kazi ina msimamizi wa maoni aliyekaa pembeni, orodha ya maneno yaliyozuiwa, namba ya biashara iliyotengwa na namba ya nyumbani. Ina pia uamuzi uliofanywa kabla ya kuingia hewani kuhusu yasiyoonyeshwa: mtoto aliyelala, jina la mtaa, ujumbe wa muamala wa pesa.

Kariakoo sasa wenye maduka wanaajiri mabinti wa "kuingia laivu". Fundi wa umeme analipwa, dereva wa mzigo analipwa, mshika vitabu ana mshahara. Binti wa laivu anapewa nauli na chipsi, maana anaongea tu. Anaongea saa nne mfululizo, anajibu watu ambao wengine wanamtukana, anakumbuka kwamba mama wa Morogoro alitaka kiuno cha inchi 34. Siku akiondoka na wateja wakamfuata, mwenye duka anamwita mwizi wa fadhila. Kisha anabandika tangazo la kutafuta mwingine, na sharti la kwanza ni awe mcheshi.