Msituhukumu kwa sukari ya siku ya kliniki

Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, inabeba sukari ya kijiko kimoja cha chai. Gramu tano, basi. Mtu huyo asubuhi anakunywa chai ya vijiko vitatu, anakula chapati mbili na maharage ya nazi, na saa mbili tatu baadaye damu yake imerudi kwenye kijiko kile kile. Akilala na njaa usiku kucha, kijiko bado kipo. Sukari ikipanda kongosho linamwaga insulini, ikishuka linamwaga glukagoni, na ini linaweka akiba baada ya mlo na kuitoa wakati watu wamelala. Nilifanya kazi ya maabara Tanga mpaka nikastaafu, na hesabu hiyo ya mwili haijaacha kunishangaza.

Kisukari ni kuharibika kwa hesabu hiyo. Namba kubwa kwenye karatasi ni dalili yake tu, na hapo ndipo ninapogombana na kliniki zetu, na watafiti wetu kidogo pia.

Wagonjwa wanazijua tarehe zao. Kliniki ikikaribia wanaacha wali, wanakunywa maji ya mlonge, wengine hawagusi chakula cha usiku kabisa. Asubuhi wanapanga foleni kwenye dirisha la maabara, kidole kinatobolewa, mashine inasoma milimoli 6.8 kwa lita, kila mtu anafurahi. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wa kukaanga aliyezoea kuninong'oneza, "Mwanangu, leo niandikie ndogo, yule daktari mkali." Namjibu, "Mama, mashine ndiyo inayoandika, mimi karani wake tu." Akacheka, akaenda zake na karatasi yake nzuri. Mwezi wa Ramadhani mama huyo alishinda na njaa juani, jua likizama akaanza na tende, uji wa pilipili manga, tambi za sukari, mihogo ya nazi. Hakuna karatasi ya kliniki iliyowahi kuiona sukari yake ya saa mbili usiku. Kidonda cha mguu ndicho kilichokuja kuisema.

Simlaumu yeye. Tulimfundisha kwamba anatahiniwa mara moja kwa mwezi, naye akafanya anachofanya kila mtahiniwa.

Kinachotokea ndani ya mwili siku nyingine zote ndicho cha kutazamwa. Sukari ikipita 10 hivi, figo zinashindwa kuirudisha yote kwenye damu, nyingine inatoka na mkojo. Nayo haitoki peke yake: inavuta maji, na maji yanaondoka na chumvichumvi za mwili. Ndiyo ile kiu isiyokatika, na kuamka usiku mara tatu nne kwenda msalani. Insulini ikipungua mno, mambo yanageuka kabisa. Chembe za mwili zinakufa njaa katikati ya sukari tele. Ini linadhani mwenyewe amefunga siku nyingi, linazidi kumwaga sukari. Mafuta yanavunjwavunjwa, ketoni zinajaa, damu inakuwa na asidi. Mapafu nayo yanaingilia: mgonjwa anahema kwa kina na kwa nguvu, anatoa hewa ya ukaa ili asidi ipungue. Ndugu waliomzunguka wanasema nimonia, wengine wanasema jini, na wakati wote huo mwili unafanya unachokijua, unatoa kimoja sadaka ili uokoe kingine.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wazoefu wanalijua na karatasi hailisemi. Mtu aliyekaa miezi na sukari ya 18, ukimshusha haraka hadi 7, anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anaomba soda. Mwili wake ulishaizoea 18, na 7 iliyo salama anaipokea kama hatari. Kinyume chake, anayetumia insulini na kushuka mara kwa mara anapoteza dalili zenyewe. Adrenalini iliyokuwa ikimwamsha haiji tena kama zamani, anaweza kuzimika akiwa kwenye daladala bila kuhisi lolote. Watu hao wawili wanaweza kufika dirishani asubuhi moja, wote wakasoma 7.

Wazee wetu wa utafiti walilielewa hili. Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, matokeo yakachapishwa katika The Lancet mwaka 1989. Hawakuishia kwenye sukari ya asubuhi. Waliwanywesha watu glukosi, wakasubiri saa mbili, wakapima tena, yaani waliupa mwili mzigo wakaona unautuaje. Wenye kisukari hawakufika hata 1%. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 9.1% kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri si ule ule, maeneo si yale yale, na ule wa 2012 ulitegemea sukari ya mtu ambaye hajala, kwa hiyo msigawanye namba moja kwa nyingine mkapata kichwa cha habari. Lakini kusubiri saa mbili kijijini kulikowezekana zama zile, leo tunakuona ni anasa.

Nitaambiwa kipo kipimo cha miezi mitatu, kile cha HbA1c. Kipo, na ni kizuri. Kinaangalia sukari iliyoganda kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Ukila vibaya miezi miwili ukafunga siku moja, hukidanganyi. Ila chembe zenyewe zikifa mapema, kinadanganyika chenyewe, kinasoma chini. Na upungufu wa madini ya chuma unaweza kukisukuma juu. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Wamarekani weusi zaidi ya 4,600: waliobeba kinasaba kimoja cha selimundu kipimo chao kilisoma kama pointi 0.3 za asilimia chini ya wenzao wenye sukari ile ile. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba kasoro ya kimeng'enya cha G6PD, iliyo nyingi kwa watu wenye asili ya Afrika, nayo inakishusha. Sasa niambieni pwani yetu hii, ambako malaria imeacha selimundu na G6PD kwenye damu za watu wengi, na wajawazito wengi wana upungufu wa damu. Tunasoma mpaka wa asilimia 6.5, ule wa kumwita mtu mwenye kisukari, kana kwamba umeandikwa kwa ajili yetu. Sisemi kitupwe. Nasema kisomwe pamoja na wingi wa damu na hali ya selimundu, vipimo ambavyo maabara ya wilaya inaviweza.

Hata aina za ugonjwa tunaazima. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa vijana karibu 900 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliogundulika na kisukari kabla ya miaka 30 na kuandikiwa aina ya kwanza. Asilimia 65 hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili unalishambulia kongosho lake. Kongosho zao zilitoa insulini kidogo kuliko ya mtu mzima wa afya, lakini zaidi ya wenye aina ya kwanza hasa. Mimi nimewaona vijana wembamba namna hiyo miaka mingi, tukiwajazia fomu "aina ya kwanza" kwa sababu fomu ilikuwa na visanduku viwili tu.

Basi tuanzie wapi kurekebisha? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ninachotaka kukiona kwenye kitita chake ni stripu, vile vibanzi vya kuchomeka kwenye mashine ya sukari. Mashine wagonjwa wengi wanazo, mtoto wa mjini amemnunulia mama, lakini kasha la kwanza la stripu likiisha inawekwa kabatini karibu na vikombe vya wageni. Mwenye bajeti atasema fedha haitoshi. Fedha hiyo hiyo inalipa kukata miguu, na kumsafisha damu mgonjwa wa figo mara tatu kwa wiki.

Anayetumia insulini apewe za kila siku. Asiyetumia apewe za kutosha siku tatu kabla ya kliniki: apime kabla ya kula, apime saa mbili baada ya kula, aandike kwenye daftari pamoja na alichokula. Daktari aanze na daftari, sukari ya dirishani ifuate. Daftari kama hizo zikikusanywa Pangani, Muheza na Mkinga kwa mwaka mmoja, bila majina, watafiti wetu watakuwa na kitu cha kusoma ambacho hakikuazimwa popote. Na daktari naye aache ukali, ili mama aandike mandazi manne kama alikula manne.