Aliyefukia Amekufa, Mwenye Shamba Yupo

Siku hizi zinauzwa mashine za kusakia vitu vya madini vilivyofukiwa ardhini: fimbo ndefu yenye sahani chini yake, ambayo hulia ipitapo juu ya chuma, fedha au dhahabu. Mashine yenyewe haina dhambi. Dhambi ni ya mguu unaoingia shamba la mtu bila ya hodi.

Wafanyao hivyo wana hoja yao: "Aliyefukia amekufa zamani, mwenye shamba hana habari, basi tumemdhulumu nani?" Hoja hii ni tamu mdomoni, lakini haina mifupa. Mwizi wa usiku naye humkuta mwenye nyumba amelala; je, usingizi huo ndio idhini?

Sisi Waislamu tulifundishwa adabu hii kabla ya mashine hizo kubuniwa. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na tutoe salamu. Na Mtume (S.A.W.) ametuhadithia habari za mtu aliyenunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu, akamrudishia aliyemuuzia kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Huyo alikuwa na milki ya shamba, na bado aliogopa! Itakuwaje kwa asiyemiliki hata shubiri?

Wako wanaokumbuka khumusi tu, ile sehemu moja katika tano itolewayo katika hazina za kale, rikazi, wakadhani wakishaitoa, nne zilizobaki ni halali yao popote walipozikuta. Sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamepambanua: iliyokutwa katika ardhi isiyo na mwenyewe ni ya aliyeipata, iliyokutwa katika milki ya mtu, mwenye milki ndiye wa kwanza kuulizwa. Khumusi haisafishi kilichoibwa.

Tutazame Uingereza, ambako kazi hii imeenea sana. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani mwake, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na mashine amtafutie. Badala ya nyundo, mashine ikalilia hazina ya zama za Warumi, yenye sarafu takriban 15,000 za dhahabu na fedha. Lawes hakujaza magunia akakimbia. Aliacha kuchimba, akatoa habari, wakaja wataalamu wakaifukua kwa utaratibu. Alilipwa paundi 1,750,000, naye akagawana na mkulima huyo. Hata nyundo ilipatikana, ikahifadhiwa pamoja na hazina katika makumbusho ya London.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2015, watu wawili walifukua karibu na mji wa Leominster hazina ya zama za Waviking. Hawakumwambia mwenye ardhi wala wenye mamlaka; waliuza kwa siri. Sarafu zilikadiriwa kuwa kama 300. Hadi kesi ilipohukumiwa mwaka 2019 zilikuwa zimeonekana kama 30 tu. Wakafungwa jela miaka mingi. Na sheria ya huko ya mwaka 1996 ingaliwapa njia ya kupata fungu lao la halali, kwani desturi yake ni kugawa tuzo nusu kwa nusu baina ya mvumbuzi mwenye idhini na mwenye ardhi. Tamaa ya kupata chote iliwanyima hata nusu.

Basi idhini ni ipi? Si kumwuliza mlinzi wala kijana achungaye mbuzi. Ni kumwendea mwenye shamba mchana, uso kwa uso, na kumwambia kweli unatafuta nini. Anayesema "natafuta misumari mikuukuu" na moyoni ana dhahabu, hakuomba idhini, amefanya hila. Yaandikwe mapema: wapi patachimbwa, kitakachopatikana kitagawanywa vipi, na nani atafukia mashimo. Akisema hapana, ni hapana, shukuru, uondoke.

Na huku kwetu pwani, penye magofu na makaburi ya wazee wetu, ridhaa ya mwenye shamba peke yake haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964, na ile ya Kenya ya mwaka 2006, zinataka kibali cha serikali kabla ya kufukua vitu vya kale. Wenye kuzunguka na mashine usiku kwa uvumi wa dhahabu ya Wajerumani wanavunja haki tatu kwa jembe moja: ya mwenye shamba, ya umma, na ya maiti aliyelala kaburini.

Wazazi, waulizeni vijana wenu mali imetoka wapi kabla hamjaifurahia. Riziki haikimbii kwa kupigiwa hodi. Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali yake. Amin.