Asiyeona Naye Ana Haki ya Kazi



Hapa Nyakuron, mjini Juba, ukimtaja kipofu wengi humfikiria mtu aliyeketi njiani na bakuli. Sisi wa chama tunayakataa mawazo hayo. Nchi yetu, huru tangu mwaka 2011, ina viwanda vichache, kwa hiyo mifano tunaichukua kwa majirani, ambako wengi wetu tuliishi ukimbizini na kufanya kazi.

Shule za wasioona zilipofunguliwa, kama ile ya Thika, Kenya, mwaka 1946, na ile ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, kazi ambazo kipofu alitazamiwa kuzifanya akimaliza zilikuwa kusuka vikapu, mikeka na viti, au kulima. Ni kazi halali, lakini malipo yake yalikuwa ya huruma zaidi kuliko ya jasho.

Kisha ikaja swichibodi. Opereta wa simu anahitaji sikio, kumbukumbu na vidole, na hayo yote asiyeona anayo. Maofisi ya serikali na makampuni yakaajiri maopereta wasioona, wakalipwa mshahara wa mwezi kama wenzao, wakasomesha watoto. Halafu mitambo ikaanza kuunganisha simu yenyewe, na simu za mkononi zikaenea baada ya mwaka 2000. Viti vile vikaondolewa. Waajiri walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kipofu ana kazi moja tu. Kazi hiyo ilipokufa, wakasema kipofu hana kazi.

Sheria nazo zipo. Tanzania mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye watu 50 au zaidi waajiri wenye ulemavu 2 katika kila 100. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya: wenye watu 20 au zaidi, 3 katika kila 100. Hesabu hiyo hiyo Uingereza iliiweka mwaka 1944, waajiri wengi wakaipuuza, ikafutwa mwaka 1996. Asilimia isiyo na chama cha kuisimamia tajiri huiweka kabatini. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2017 inakataza ubaguzi, lakini nani anakwenda mlangoni kwa mwajiri kuuliza?

Tena sasa hana kisingizio. Kompyuta inasoma maandishi kwa sauti. Programu moja ya kazi hiyo, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, wote wasioona, nayo hutolewa bure. Bure kabisa! Karani asiyeona aweza kuandika barua, kutunza hesabu na kupokea simu za wateja. Akiambiwa kwamba vifaa ni ghali, aulize ni vifaa gani.

Lakini tusidhani habari hii ni ya watu wa maofisini. Cheche ya jiwe la kunolea huingia jichoni mwa fundi asiyepewa miwani. Dawa ya kunyunyizia humrukia usoni kibarua wa shambani. Kando ya mito iendayo kasi, kama huko Maridi, usubi hueneza ugonjwa unaopofusha wakulima. Mtu aliyetumika miaka kumi na mitano anapewa fedha kidogo na kuonyeshwa lango. Hapo ndipo tunapotaka kupigana.

Mkataba Namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unasema vyama vya wafanyakazi vishauriwe juu ya kazi za wenye ulemavu. Basi tusingoje kuitwa. Katika mkataba wa hiari, au wa hali bora kama unavyoitwa siku hizi, tudai kifungu hiki: mfanyakazi anayepoteza macho asifukuzwe, afundishwe kazi nyingine kwa gharama ya mwajiri, na mshahara wake usipunguzwe.

Kila tawi lihesabu wenzetu walioondoka kazini kwa sababu ya macho, liandike kazi waliyokuwa wakifanya na malipo waliyopewa. Orodha hizo ziwe mezani kabla hatujakaa tena na waajiri.